Kabla ya Kusema "Biblia Imesema": Ufafanuzi wa Dhana Zinazopotosha Maisha ya Mkristo

Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na hatimaye kutoa miili zaidi ya 400 ya waumini, swali la nini hasa Ukristo unamtaka mtu afanye limetoka kanisani likaingia kwenye daladala, vijiwe vya kahawa na makundi ya WhatsApp ya familia. Kenya iliunda jopo la kuangalia namna mashirika ya dini yanavyosimamiwa. Rwanda ilikwisha kupitisha, mwaka 2018, sheria inayowataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia. Tanzania nayo mjadala huo ulikuwa umepamba moto tangu tarehe 1 Februari 2020, pale watu 20 walipofariki mjini Moshi kwa kukanyagana, kila mmoja akiwahi kupita juu ya mafuta ya upako yaliyomwagwa uwanjani.

Likitokea tukio la namna hii, kuna wanaosema kwamba hayo ndiyo matokeo ya dini yenyewe, na kuna wanaojibu kwamba hao hawakuwa Wakristo hata kidogo. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Watu waliokwenda Moshi na Shakahola walikuwa na Biblia mikononi, na waliowaita walinukuu Biblia hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya dhana potofu kuhusu kuishi Ukristo haikutoka nje ya Maandiko. Ni mistari halisi iliyokatwa na kutenganishwa na mistari jirani, kisha ikapewa kazi ambayo haikuandikiwa. Njia ya kuzitambua basi si ngumu: ni kusoma mistari mitano ya juu na mitano ya chini.

Tuanze kwa kuelewana kuhusu maneno machache. Imani, katika mafundisho ya makanisa yote makubwa, ni kumtegemea Mungu na kumtii. Si nguvu fulani iliyomo ndani ya mtu ambayo ikipanda hadi kiwango fulani italeta matokeo. Wokovu ni kazi ya Mungu ya kumsamehe mwanadamu na kumrudisha kwake, na Paulo anapowaandikia Waefeso (2:8-10) anasema unapatikana kwa neema, kisha papo hapo anaongeza kwamba waliookolewa wameumbwa watende matendo mema. Sadaka ni jina la jumla la chochote kinachotolewa kwa ajili ya ibada au kwa wahitaji. Zaka, ambayo wengi huiita fungu la kumi, ni sehemu moja ya kumi ya mapato, na ina historia yake mahsusi ambayo tutaifikia.

Dhana iliyo mama wa nyingine zote ni ile inayoifanya imani kuwa kama kununua umeme wa LUKU: unalipa, unapokea tarakimu, unaziingiza kwenye mita, na taa inawaka, isipowaka, kosa ni lako, umekosea kubonyeza. Kwa mantiki hiyo maombi, mfungo na sadaka huwa malipo, na afya, ndoa, kazi au visa huwa umeme. Mtu asipopata alichoomba huambiwa kwamba imani yake ni ndogo, au kuna dhambi ameificha, au kuna laana ya ukoo haijavunjwa.

Yesu mwenyewe alilijibu jambo hili zaidi ya mara moja. Katika Luka 13 anawakumbusha wasikilizaji wake watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na jibu lake ni hapana. Katika Yohana 9 wanafunzi wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, naye anakataa yote mawili. Kuhusu laana ya ukoo, nabii Ezekieli alitumia sura nzima, ya 18, kuipinga methali ya watu wa zamani zake waliosema kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Hitimisho lake ni kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wanaofundisha laana za ukoo hupenda kunukuu Kutoka 20:5, kuhusu uovu wa baba kupatilizwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne, lakini ni nadra kuwasikia wakisoma aya inayofuata, ambayo inazungumzia rehema kwa maelfu elfu.

Ugonjwa, mafuta na hospitali

Hapa ndipo dhana potofu inapoua, kwa hiyo inafaa kutulia kidogo.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 kutoka kwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo. Foleni ya magari ilikuwa ndefu kiasi kwamba wagonjwa mahututi walifia njiani kabla ya kufika. Lililowatia hofu madaktari zaidi ni wagonjwa wa kisukari na wenye virusi vya UKIMWI waliorudi nyumbani wakiamini hawahitaji tena dawa zao. Nia ya mzee yule siwezi kuipima, na bei yake haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Ninachokipinga ni dhana iliyokuwa kichwani mwa wengi waliokwenda, kwamba kumeza kidonge baada ya kuombewa ni kumwambia Mungu humwamini.

Dhana hiyo haipati msaada katika Biblia. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaahidiwa miaka kumi na mitano zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Paulo, ambaye Mungu alitenda miujiza kwa mikono yake, alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hakumwambia aongeze imani. Alimwacha Trofimo akiwa mgonjwa huko Mileto. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili na haukuondolewa. Katika safari zake alikuwa na Luka, ambaye barua kwa Wakolosai inamwita tabibu mpendwa.

Na historia ya kanisa katika ukanda wetu inasema vivyo hivyo kwa sauti kubwa. Hospitali ya Mengo mjini Kampala ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1897. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya shirika linaloitwa Msamaria Mwema, na Bugando ya Mwanza inamilikiwa na maaskofu Wakatoliki. Tenwek na Kijabe nchini Kenya ni hospitali za kanisa. Ni vigumu kuelewa jinsi Mkristo wa Moshi anavyoweza kuambiwa kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, wakati hospitali kubwa kuliko zote katika mji wake imejengwa na imani hiyo hiyo.

Vipi basi kuhusu mafuta? Mstari unaotumika sana ni Yakobo 5:14, na ni mstari wa kweli unaofuatwa hadi leo: Wakatoliki wana sakramenti ya mpako wa wagonjwa, na makanisa mengine mengi huwapaka wagonjwa mafuta na kuwaombea. Lakini tazama mwelekeo wa safari katika mstari wenyewe. Mgonjwa amelala, anawaita wazee wa kanisa, wao ndio wanaokuja. Hakuna uwanja, hakuna foleni, hakuna chupa ya kununua mlangoni, na aya mbili baadaye Yakobo anawataka waumini wote waungamiane dhambi na kuombeana, jambo linaloonyesha kwamba hakuwa anafikiria mtu mmoja mwenye kipawa cha pekee. Padri anayempaka mgonjwa mafuta wodini hachomoi dripu akimaliza.

Wengine watataja Matendo 19:12, ambapo leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Ni kweli imeandikwa. Bei haikuandikwa. Kuhusu bei tunalo tukio jingine katika kitabu hicho hicho, sura ya 8, pale Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili auziwe uwezo wa mitume, na Petro akamjibu kwamba fedha yake na ipotelee mbali pamoja naye.

Kufunga

Mfungo nao umebebeshwa mzigo usio wake. Huko Shakahola, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, waumini waliaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu, na uchunguzi wa miili ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, wakiwemo watoto. Hakuna mfungo wa namna hiyo katika Biblia. Esta alifunga siku tatu ili apate ujasiri wa kuingia kwa mfalme, kisha akaandaa karamu. Danieli, katika sura ya 10, alijinyima nyama, mvinyo na chakula kitamu kwa majuma matatu. Kila mfungo unaosimuliwa kwa undani una siku ya kumalizika, na mtu anakula.

Lakini kuna upotofu mdogo zaidi ambao hausababishi makaburi na kwa hiyo hauonekani: kufunga ili kumbana Mungu. "Nimefunga siku 21, lazima kitu kitokee." Daudi alifunga siku saba akimwombea mtoto wake, na mtoto akafa. Watumishi waliogopa kumwambia. Alipogundua, alinyanyuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda kuabudu, akaomba chakula (2 Samweli 12). Nadhani hakuna simulizi nyingine inayofafanua mfungo vizuri kama hii, na sijapata kuisikia ikisomwa kwenye mkesha wa maombi ya kufungua milango. Isaya 58 inakwenda mbali zaidi: watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona, nao wanajibiwa kwamba siku ya mfungo wao wanawakandamiza wafanyakazi wao, na kwamba saumu anayoitaka ni kuwagawia wenye njaa chakula na kuwavika walio uchi.

Zaka, mbegu na ghala

Tukifika kwenye fedha, mjadala huwa mkali, kwa sababu makanisa yanahitaji fedha kwa haki kabisa. Wachungaji na makatekista wanakula kama watu wengine, umeme wa kanisa unalipiwa, na Paulo anasema wazi katika 1 Wakorintho 9 kwamba waihubirio Injili wana haki ya kupata riziki kwayo. Anayedai kwamba kila kanisa linaloomba sadaka ni la matapeli naye anakata mstari, ila kwa upande wa pili.

Andiko linalosomwa kuliko mengine wakati bahasha zinapogawiwa ni Malaki 3:10: leteni zaka kamili ghalani, nami nitawafungulia madirisha ya mbinguni. Ili kuielewa ghala hiyo inabidi kurudi kwenye Torati. Kabila la Lawi halikupewa shamba, na kwa hiyo makabila mengine yaliliwekea sehemu ya kumi ya mavuno (Hesabu 18). Ilikuwa nafaka, divai, mafuta na mifugo, yaani chakula, na ndiyo maana Malaki anasema "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula hicho kilipokosekana, kama Nehemia 13 inavyosimulia, Walawi waliacha kazi ya hekalu wakakimbilia mashambani.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi wanapolisoma kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu la Torati 14:22-29 inaagiza kwamba zaka iliwe na mwenyewe pamoja na jamaa yake mbele za Mungu, kwa furaha; safari ikiwa ndefu, auze mazao, abebe fedha, akifika anunue chochote roho yake inachotamani, huku akikumbushwa asimwache Mlawi. Kila mwaka wa tatu zaka hiyo ilibaki mjini kwake, kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa maneno mengine, mjane katika Torati ni mpokeaji wa zaka. Leo mama mjane anayeuza vitumbua ndiye anayeandikwa kwenye kadi ya madeni ya zaka, na hapo kuna kitu kimepinduka.

Tena, anayesoma Malaki kuanzia mwanzo atakutana kwanza na makuhani wakikemewa kwa kutoa madhabahuni wanyama vipofu na viwete, kisha, sura ya 2, wakiambiwa kwamba amri hii inawahusu wao. Halafu, aya tano tu kabla ya ghala, Mungu anasema atakuwa shahidi dhidi ya wanaomdhulumu mtu wa mshahara ujira wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Mtu anayepeleka fungu lake la kumi Jumapili huku dada wa kazi nyumbani kwake anadai mishahara ya miezi mitatu amesoma 3:10 bila 3:5.

Je, Mkristo anawajibika kutoa zaka? Hapa makanisa hayakubaliani, na ni vema msomaji ajue hivyo badala ya kudhani kwamba jibu ni moja. Wasabato wanaifundisha kama wajibu wa kudumu. Wengine, wakiwemo Wakatoliki na Walutheri, huitumia zaidi kama utaratibu wa kulitegemeza kanisa, kupitia jumuiya ndogo ndogo au bahasha za ahadi, bila kudai kwamba asiyefikisha kumi ya mia amepoteza wokovu. Agano Jipya halitoi asilimia kwa makanisa. Paulo, alipokuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu (2 Wakorintho 9:7).

Mfano wa mavuno katika sura hiyo hiyo, apandaye haba atavuna haba, ndio uliozaa lugha ya "kupanda mbegu." Lakini anayepokea mavuno ya Paulo si mhubiri aliyesimama jukwaani na namba ya simu ya kutumia fedha ikimetameta kwenye skrini nyuma yake, ni wenye njaa wa mji wa mbali. Na kinachoahidiwa ni kwamba mtoaji atakuwa na riziki ya kumtosha, apate kuzidi katika kila tendo jema. Nyumba na gari havijatajwa.

Hata yule mjane wa senti mbili, ambaye hutolewa mfano kila panapokuwa na ujenzi wa kanisa, ana jirani anayesahaulika. Katika Marko 12, aya inayotangulia kisa chake inawalaani waandishi, yaani walimu wa Torati, wanaokula nyumba za wajane. Yesu anamsifu mama yule, ndiyo. Ila anayesoma aya ya 40 na ya 44 kwa pamoja hawezi kuwa na amani kabisa na utaratibu uliomwacha bila kitu.

"Aliyeokoka hakosi" na "usihukumu"

Dhana mbili zilizobaki zinakwenda kinyume, na bado mtu mmoja anaweza kuzishika zote kwa siku moja. Ya kwanza ni kwamba aliyeokoka hatendi dhambi tena, kwa hiyo akianguka, ama hakuwa ameokoka, ama aifiche. Wazee wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba, Kenya na Burundi, hawakuishi hivyo. Ushirika wao ulijengwa juu ya kutubu hadharani, tena na tena, hata kwa mambo madogo kama hasira ya asubuhi kwa mke au deni lililonyamaziwa, na waliokuwa wameiba walirudisha kwanza walichoiba, ndipo wakaimba. Yohana anawaandikia watu ambao tayari ni waumini kwamba wakisema hawana dhambi wanajidanganya wenyewe (1 Yohana 1:8).

Ya pili hutumika kufunga midomo. Mathayo 7:1 inasema msihukumu, na kwa kawaida usomaji huishia hapo. Aya ya 5 inataka mtu aondoe boriti katika jicho lake ili aone vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yake, kwa hiyo kibanzi kinatolewa. Aya ya 15 inaamuru kujihadhari na manabii wa uongo, na ya 16 inaeleza kwamba watatambuliwa kwa matunda yao. Hakuna awezaye kutii aya ya 15 bila kupima.

Ngao nyingine ya viongozi ni Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu. Zaburi hiyo inasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache na wageni katika nchi, wakitangatanga, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni onyo kwa wenye nguvu wasiwadhuru wanyonge. Leo linatumiwa na mwenye walinzi dhidi ya muumini aliyeuliza matumizi ya mchango wa ujenzi. Daudi alikataa kumwua Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana, lakini alisimama nje ya pango mbele ya jeshi zima akamweleza makosa yake. Nathani alimkabili Daudi. Paulo alishindana na Petro ana kwa ana mbele ya watu wote, na akaiandika habari hiyo katika barua kwa Wagalatia.

Kuhusu mahesabu, ambayo ndiyo maswali yanayoitwa uasi mara nyingi zaidi, 2 Wakorintho 8 ina maelezo ambayo wahubiri wengi huyapita haraka. Fedha za Yerusalemu zilipokuwa zikikusanywa, Paulo hakuzibeba peke yake. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe asafiri na mchango huo, kisha wa tatu aliyekwisha kuthibitishwa mara nyingi. Sababu aliitoa mwenyewe katika aya ya 20 na 21: asije mtu akawalaumu kwa habari ya karama hiyo kubwa, kwa kuwa walitaka kutenda yaliyo mema mbele za Bwana, na mbele ya wanadamu pia.